Yadi Ilipoonekana Tupu: Kisa cha Meli Tatu Zilizofika kwa Pamoja

Kisa hiki ni cha yadi moja ya binafsi ya makontena, mashariki mwa Nairobi. Majina ya watu, kampuni na meli yameondolewa, tarehe pia, na tarakimu za yadi zimesawazishwa ili isitambulike. Uwiano wa tarakimu hizo haukuguswa, kwa sababu somo lote limo humo. Nimekiandika kwa ajili ya wapangaji wa yadi, mawakala wa forodha na wenye mizigo, hasa wale ambao wamewahi kuambiwa getini kwamba "yadi imejaa" bila kuelezwa imejazwa na nini.

## Usuli

Kituo cha makontena cha Embakasi kimekuwepo tangu 1984. Treni za mizigo za SGR, reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, zilipoanza kazi Januari 2018, kituo hicho kilikuwa kimeshapanuliwa kutoka uwezo wa TEU 180,000 kwa mwaka hadi 450,000 (TEU moja ni kontena moja la futi 20; la futi 40 huhesabiwa mbili), na kwa miaka kadhaa mizigo mingi ya Nairobi ilipandishwa treni kwa amri, mwenyewe atake asitake. Septemba 2022 amri hiyo iliondolewa. Tangu hapo mwenye mzigo huchagua: treni au lori, aukomboe Mombasa au huku Nairobi. Yadi za binafsi kama hii zinaishi kwa uchaguzi huo. Makontena mengine huzifikia kwa lori moja kwa moja kupitia Barabara ya Mombasa, mengine hushuka kwenye treni Embakasi na kumaliziwa safari kwa lori.

 

Yadi yetu ilikuwa na nafasi 400 za ardhini, na richistaka mbili, yaani mashine za kunyanyua makontena, zilizopanga makontena hadi manne kwenda juu. Kwenye karatasi hiyo ni TEU 1,600, lakini mpangaji anayeijua kazi haamini tarakimu hiyo. Ili kulifikia kontena la chini lazima ya juu yawe na mahali pa kuwekwa, na mahali hapo ni nafasi usiyoweza kuiuza. Ukivuka asilimia 65 au 70 hivi, kila kontena linaloingia linaanza kuyazuia yale yanayotaka kutoka. Kwa hiyo uwezo wa kweli wa yadi hii ulikuwa kama TEU 1,040 kwa wakati mmoja.

Hata tarakimu hiyo haina maana bila siku za kukaa. Kontena likikaa wastani wa siku tano, nafasi 1,040 zinaweza kupitisha TEU 208 kwa siku. Likikaa siku nane, zinapitisha 130. Lami ni ileile, mashine ni zilezile, na zaidi ya theluthi ya uwezo imetoweka bila mtu kubomoa chochote. Wenye yadi wengi niliowahi kuzungumza nao wanajua ekari zao kwa kichwa, lakini ukiwauliza wastani wa siku za kukaa wanamwita karani.

Katika wiki ya kawaida, meli nne ziliiletea yadi hii kama TEU 260 kila moja. Hiyo ni karibu TEU 150 kwa siku, na kwa siku tano za kukaa, yadi hubeba kama 750. Pumzi ilikuwepo ya kutosha.

## Upande wa gati

Msomaji wa Nairobi asilione gati kama jambo la Mombasa tu. Kazi ya yadi huanzia kule.

Mpangaji wa gati huangalia urefu wa meli, kina chake majini, kreni zilizopo, na yalipo makontena ambayo meli hiyo itapakia. Meli ikifungwa gati la mbali na mrundo wake wa mizigo ya kwenda nje, matrekta ya bandari hukimbia siku nzima bila faida. Halafu kuna dirisha: siku na saa ambazo meli imeahidiwa gati. Anayefika ndani ya dirisha lake huingia, na anayechelewa husubiri nafasi ipatikane. Kanuni hii inaonekana kali lakini ni ya haki, kwa sababu bila hiyo mchelewaji mmoja huwachelewesha wote wanaomfuata.

Kreni nazo zina hesabu yake. Meli yenye makontena 1,500 ya kushusha na kupakia, ikipewa kreni tatu na kila moja ikifanya mizunguko 22 kwa saa, inamaliza kwa saa 23 hivi. Ikipewa mbili, ni saa 34. Tofauti hiyo kwa mwenye meli ni fedha nyingi, ndiyo maana mpangaji wa gati hupimwa kwa jambo moja: meli iondoke.

Katika kisa chetu meli A ilitarajiwa Jumatatu, B Jumatano, C Ijumaa na D Jumapili. Kilikuwa kipindi ambacho ratiba za meli zilikuwa zimevurugika kote duniani, baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza Novemba 2023 kuzifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Bandari za kuhamishia mizigo zilikuwa na foleni. A na B zilikwama kwenye foleni mojawapo, zikatokea nje ya Kilindini, bandari ya Mombasa, Alhamisi. C ilifika Ijumaa kama ilivyoahidi, ikapewa gati na kreni tatu. A ilipata gati la pili siku hiyohiyo. B ilitia nanga ikasubiri hadi Jumamosi.

Kufikia Jumapili usiku zote tatu zilikuwa zimeshusha, na D, iliyofika kwa wakati wake, ilikuwa inaanza.

## Siku za utulivu

Sasa turudi Nairobi, tuanzie Jumatatu ya wiki hiyohiyo. Meli hazikuja, kwa hiyo treni na malori hayakuleta kitu, huku wateja wakiendelea kutoa mizigo yao ya zamani. Kufikia Alhamisi yadi ilikuwa imeshuka hadi TEU 450 za mizigo. Ukisimama getini ungeona lami iliyopauka katikati ya mistari, mahali ambapo kwa kawaida huoni ila vyuma.

Meneja akapigiwa simu na wakala wa kampuni ya meli: kuna makontena matupu TEU 300 yanatafuta pa kukaa, malipo ni ya siku. Akakubali. Mpangaji wa yadi alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Aliporudi Ijumaa asubuhi alikuta matupu yamepangwa manne kwenda juu katika mistari ya mbele, karibu na geti, kwa sababu huko ndiko malori yaliyoyaleta yangeweza kugeuza haraka.

"Bosi, haya yanatoka lini?"

"Wakala amesema wiki ijayo. Pesa si imeingia, madam? Yadi ilikuwa imelala."

Kisa chote kimo katika jibu hilo. Orodha ya siku 14 ya meli zinazotarajiwa Mombasa hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kila mstari una jina la meli, urefu wake, kina, wakala, makontena ya kushusha na ya kupakia, yenye mizigo na matupu. Jumanne ile orodha ilikuwa inaonyesha tarehe za A na B zikisogezwa mbele, na C na D zikibaki palepale. Yadi ilikuwa tupu kwa sababu mizigo yake ilikuwa bado baharini, na kila siku ya kuchelewa iliisogeza karibu zaidi na mizigo ya meli inayofuata.

## Mizigo ilipofika

Treni moja ya mizigo hubeba TEU 108. Bandari nayo ilikuwa imebanwa: mirundo nyuma ya gati nambari 20 na 21, yaliyofunguliwa 2016, ilihitajika kwa B na D. Njia nyepesi kwa bandari ilikuwa kusukuma mizigo ya bara haraka iwezekanavyo. Kati ya Jumamosi na Jumatano, TEU 1,040 ziliingia katika yadi yetu, yaani 208 kwa siku badala ya 150. Zilizotoka zilikuwa 90 tu kwa siku.

Jumlisha: mizigo 450, matupu 300, ongeza 1,040, toa 450 zilizotoka kwa siku tano. Inabaki 1,340. Hiyo ni asilimia 84 ya ile 1,600 ya kwenye karatasi, na ni mbali kupita kiwango ambacho yadi inaweza kufanya kazi.

Kwa nini zilitoka 90 tu? Hapa ndipo watu wengi hulaumu uvivu wa madereva wa mashine. Chukua mrundo wa makontena mawili. Ukitaka moja lolote bila kuchagua, kwa wastani nusu ya kontena iko juu yake, kwa hiyo kila utoaji unahitaji mwendo mmoja na nusu wa mashine. Mrundo ukiwa wa manne, moja na nusu yako juu, na utoaji unahitaji miendo miwili na nusu. Mashine ileile, dereva yuleyule, mafuta yaleyale, na kazi inayomfikia mteja imeshuka kwa asilimia 40. Mteja anaona mashine zikinguruma mchana kutwa na lori lake halisogei. Ana haki ya kukasirika, ila dereva wa mashine hana kosa.

Jumatatu saa nne asubuhi foleni ya malori ilikuwa imetoka nje ya geti hadi barabarani. Baadhi ya madereva walikuwa wamelala kwenye vyumba vya malori yao tangu Jumamosi. Mmoja, mtu mzima, alimfuata mpangaji hadi ndani.

"Madam, hiyo kontena yangu iko chini ya ngapi?"

"Tatu, mzee. Na hizo tatu sina pa kuziweka."

## Uamuzi wa kwanza

Msimamizi wa zamu ya Jumapili aliamua kupanga matano kwenda juu, na kuweka kila kontena popote palipo karibu na lori lililolileta. Sababu yake ilikuwa ya wazi: malori ya kutoka Embakasi yalikuwa yanalipiwa kwa saa, na kila lori lililosimama lilikuwa hasara inayoonekana. Mrundo wa matano una wastani wa mawili juu ya lile unalolitaka, yaani miendo mitatu kwa kila utoaji. Alikuwa anaokoa dakika za kuingiza kwa kukopa saa za kutoa.

Makontena hayakuja na mpangilio wowote wa maana. Melini, yaliyo juu ya sitaha hushushwa kwanza, halafu yaliyo tumboni. Bandarini yalipandishwa treni karibu kwa mfuatano huohuo. Kontena ambalo ushuru wake ulikuwa umelipwa kabla meli haijafika lilikaa chini ya lile ambalo mwenyewe hata hati ya kukombolea mzigo hajaipata kwa wakala wa meli.

Zikafuata ajali ndogo za uandishi. Nambari ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zote zilizotangulia. Karani akikosea herufi moja, karibu kila mara kompyuta hukataa. Lakini anwani ya kontena ndani ya yadi, yaani mstari, nafasi na tabaka, haina kinga ya namna hiyo. Jumatatu hiyo kontena moja la mzigo wa pamoja liliandikwa mstari C wakati lilikuwa G. Lilitafutwa asubuhi nzima, watu wawili wakitembea na tochi katikati ya mirundo kwa sababu mwanga haukufika chini. Ndani yake kulikuwa na bidhaa za wafanyabiashara wadogo wengi wa Nyamakima na Kamukunji, watu wanaochangia kontena moja kwa sababu hakuna mmoja wao anayeweza kulijaza. Kontena la namna hiyo likichelewa, maduka mengi yanachelewa pamoja nalo, na hakuna hata mmoja wa wenye maduka hayo anayejulikana jina na meneja wa yadi.

## Uamuzi wa pili

Jumanne mchana mpangaji wa yadi alipewa nafasi ya kuamua. Alichukua karatasi tatu na kuziweka pamoja: orodha ya meli, orodha ya makontena kwa kila treni, na hali ya kila kontena kwa forodha. Kila moja ilikuwepo siku zote. Zilikuwa mezani kwa watu watatu tofauti.

Kutokana na hizo aligawa mizigo mafungu matatu. Iliyokwisha kuruhusiwa na yenye lori tayari ilipewa mistari ya mbele, isizidi mawili kwenda juu. Iliyokuwa kwenye mchakato ilikaa katikati, matatu. Iliyosubiri ukaguzi, na ile ambayo hakuna wakala aliyejitokeza kuiulizia, ilipelekwa nyuma na kupangwa matano bila wasiwasi, kwa kuwa haikuwa inakwenda popote.

Kupanga upya kulifanyika usiku, geti likiwa limefungwa. Uamuzi huu ulipingwa. Meneja aliona ni kulipa zamu nzima kusogeza makontena bila kutoa hata moja. Mpangaji alimjibu kwamba kusogeza kupo tu, hakukwepeki. Kinachochaguliwa ni kama kutafanyika usiku au mchana dereva akiwa amesimama anasubiri.

Matupu ndiyo yaliyoleta ubishi zaidi. Yalikuwa yameshika mistari bora ya yadi. Wakala wa kampuni ya meli alishikilia makubaliano ya wiki moja. Mwishowe TEU 200 zilihamishwa kwenye uwanja mwingine kwa gharama ya yadi, na fedha iliyopatikana Alhamisi ikatoka yote na nyingine juu yake.

Halafu mpangaji wa yadi alipiga simu Mombasa.

"Dada, mimi napanga gati. Treni sipangi mimi," alijibiwa kwa upole wa pwani.

"Najua, kaka. Nisaidie na anayepanga. Sikuombi mpunguze. Naomba treni ya kwanza ibebe yaliyoruhusiwa tu."

Ombi jingine la yadi, la kuzuia mizigo ya D kwa siku mbili, lilikataliwa, na lilistahili kukataliwa, kwa kuwa mirundo ya bandarini nayo ilikuwa inafurika. Lakini la mpangilio lilikubaliwa kwa treni mbili. Hazikuwa nyingi, ila makontena yake yalishushwa Embakasi na kupelekwa kwa wenyewe bila kupangwa katika mrundo wowote.

Kitu kimoja zaidi: makontena ya baridi. Soketi za umeme zilikuwa 24 na yalifika 31. Ilikodiwa jenereta. Hakuna mzigo ulioharibika.

## Matokeo

Kuanzia Alhamisi yaliyotoka yalipita yaliyoingia. Yadi ilirudi chini ya TEU 1,000 katika wiki iliyofuata, na foleni ya nje ilikwisha kabla ya hapo. Gharama hazikukwisha pamoja nayo. Wenye mizigo walitozwa ada ya stoo kwa siku ambazo mizigo yao ilikuwa imeruhusiwa lakini haifikiki. Yadi iliwafutia waliolalamika kwa maandishi. Wasiojua kwamba wanaweza kulalamika walilipa, na hao walikuwa wengi wao wenye mzigo wa pamoja. Hili naliona kuwa baya kuliko msongamano wenyewe. Kumbukumbu za mashine zilionyesha wazi ni kontena lipi lililoombwa na siku gani likatolewa, kwa hiyo kurejesha fedha bila kusubiri barua kuliwezekana kabisa.

## Uchambuzi

Mpangaji wa gati hakukosea. Kuiingiza C ndani ya dirisha lake na kuipa kreni tatu ndivyo ambavyo gati linapaswa kuendeshwa. Angeipa mbili na kuipeleka ya tatu kwa A, C ingekaa saa 11 zaidi, B ingesubiri nje, na mizigo ya wote ingefika Nairobi imerundikana vilevile, siku moja baadaye. Tatizo ni kwamba saa zilizookolewa gatini zililipwa Nairobi, na hakuna kipimo kinachoziunganisha. Gati hupimwa kwa saa za meli, yadi hupimwa kwa idadi ya miendo, na saa za dereva wa lori aliyelala barabarani hazipimwi na yeyote.

Kosa la msingi lilikuwa kuisoma yadi kwa macho. Lami tupu ilimwambia meneja kwamba ana nafasi ya kuuza. Orodha ya meli ilikuwa inasema nafasi hiyo ina wenyewe tayari. Laiti matupu yale 300 yangekataliwa, hata bila ujanja mwingine wowote, Jumatano yadi ingekuwa na TEU 1,040 badala ya 1,340, yaani palepale kwenye mpaka wa kufanya kazi. Na hiyo ni kwa kutoa 90 tu kwa siku. Mirundo ingekuwa mifupi, kwa hiyo wangetoa zaidi.

Kupanga upya usiku ndiko kulikofaa zaidi, na sababu yake inafaa kuangaliwa. Mashine hazikuongezeka na nafasi ilikuwa bado haijaongezeka. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi wa kontena lipi liwe juu ya lipi ulifanywa na mtu mwenye taarifa ya nani anatoka kesho. Forodha inaruhusu kuwasilisha nyaraka kabla meli haijafika, kwa hiyo kwa mizigo mingi taarifa hiyo hupatikana kontena likiwa bado baharini.

Mpango wa miadi ya malori, ulioanzishwa Jumatano, haukufaulu. Kila lori lilipewa saa yake, na aliyekosa alirudishwa mwisho wa foleni. Madereva waliendelea kuja alfajiri. Walikuwa na akili zao: aliyechelewa kwa msongamano wa Barabara ya Mombasa aliadhibiwa, lakini aliyefika kwa wakati na kukuta kontena lake bado liko chini ya matatu hakulipwa chochote. Miadi inayomfunga upande mmoja haiaminiki, na mimi nisingeiamini.

Yadi sasa haipokei matupu bila mpangaji kusaini kwamba ameangalia meli za siku saba zijazo, na matupu hayakai tena mbele. Orodha ya treni kwa mfuatano wa kupakia bado haitumwi Nairobi kwa njia rasmi. Mpangaji huipata kwa kupiga simu kila alasiri. Siku anazokuwa mapumzikoni, hakuna anayepiga.